Washairi wanaoandika, wanaghani na wanapigania haki za watu: tukikaa nao tuwaulize nini?

#1 KinasaSauti_TG

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuandika vipande vipande kwa siku tatu.

Nipo Tanga, nasaidia kipindi cha mashairi jumapili usiku kwenye redio ndogo ya huku kwetu. Zamani tulikuwa tunasoma tu tungo wanazotuma wasikilizaji, mwaka huu nikaomba niruhusiwe kuwafuata washairi wenyewe majumbani, nikae nao, nirekodi. Na sio washairi wote, nawataka wale wanaoandika, halafu wanasimama wenyewe mbele za watu wanaghani, halafu wamo kwenye mambo ya watu, mirathi ya wajane, viwanja, wavuvi, shule haina choo, vitu kama hivyo.

Mahojiano ya kwanza yaliharibika. Nilimfuata mzee mmoja (simtaji, hajaniruhusu), nikawasha simu, nikamuuliza "ujumbe wako kwa jamii ni upi?" Mzee akakaa kimya weee, mwisho akanambia mwanangu, ujumbe nishautia ndani ya shairi, ningeweza kuusema nje ya shairi nisingehangaika kutunga. Niulize nililighani wapi. Niulize nani alikuwepo. Niulize kesho yake walikuja kina nani kubisha hodi.

Tangu siku ile nimebadilisha maswali yote, na nimerudi kumsoma Abdilatif Abdalla kwa macho mengine kabisa. Wengi tulimsoma shuleni kama jina la mtihani. Kazaliwa Mombasa 1946. Mwaka 1968 ana miaka 22 tu, kijana wa kazi ya ofisini pale manispaa, akaandika karatasi inaitwa Kenya: Twendapi? ikasambazwa mjini kwa siri, inauliza nchi inapelekwa wapi ikiwa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, kinabanwa hadi wagombea wake wanazuiwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Wakamkamata, kesi ya uchochezi, akapigwa miezi 18, serikali ikaona kidogo ikakata rufaa ikawa miaka mitatu. Huko ndani akatengwa peke yake na ndo akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, anaandika kwenye karatasi za chooni kwa kujificha, zikatoroshwa nje. Katoka 1972, kitabu kimetoka 1973, na 1974 kikapewa zawadi ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambae serikali yake ilimfunga. Na wakati huo yeye keshahamia Dar, yupo Chuo Kikuu kwenye taasisi ya Kiswahili.

Sasa kinachonishika mimi ni hiki. Mtu yupo peke yake, hana wa kumsikiliza, karatasi yenyewe ya kuibia, lakini bado anatunga kwa vina na mizani, kitu ambacho kazi yake ni kukaa kichwani na kutoka mdomoni. Angeweza kuandika barua. Alitunga vitu vya kusikika wakati hakuna masikio. Kwahiyo mi naona hawa watu tunawakosea tukiwagawa, huyu mwandishi, huyu msanii wa jukwaani, huyu mwanaharakati, kwao ni kazi moja tu na ukitaka kuipata lazima uulizie sauti, ilipita wapi na ilimgharimu nini.

Naombeni mchango. Nyie mngewauliza nini? Na kwenu kuna nani wa namna hii?

#2 BabaZuhura_Mvita

Dadangu umenena. Mimi wa Mombasa, hapa Mji wa Kale, na nikupe moja ambayo watu wa bara yawapita. Yale mashairi ya Abdilatif ni Kimvita khasa, si lugha ya vitabu vya serikali. Lile shairi la Siwati, "kuwata" ni kuacha kwetu, asema haachi alilolishika. Lau angeliandika "siachi" lingekuwa shairi jengine kabisa, pumzi yake ingekuwa nyengine. Mtoto wa shule asomapo kwa macho apata taabu na yale maneno, lakini msomee nyanya yake kwa sauti utaona yuafuata beti kwa beti bila kamusi. Hilo pia ni harakati, kusimama mbele ya dola kwa lahaja ya mamako.

La pili, jukwaa la kwetu halikuwa ukumbi wa tiketi, lilikuwa harusi. Ahmad Nassir, nduguye Abdilatif, mwenye Malenga wa Mvita ya 1971, mashairi yake mengi yalikwenda kwa sauti ya Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, Mungu amrehemu, alotuacha 2014. Watu wamekaa, wimbo wa mapenzi wapigwa, na kila mtu ajua jiko gani lapikiwa chungu hicho. Kwa hiyo ukienda kwa mzee muulize pia, nani alikuimbia? Maana kuna watunzi hawana koo, na kuna wenye koo hawatungi, na jambo likifika mbali huwa ni la wawili.

#3 hoja_tupu

Mkuu uzi mzuri ila naomba nipinge kidogo kwa heshima. Abdilatif alifungwa kwa karatasi ya nathari, maneno makavu, sio kwa shairi. Shairi ndo likapewa zawadi. Huoni hapo kwamba dola haliogopi mashairi? Linaogopa maneno yaliyonyooka. Ushairi wetu umejaa mafumbo, mamba, mnazi, bahari, mtu mkubwa anasoma anasema "ala, kazungumzia mamba" maisha yanaendelea. Mi nahisi fumbo ni pa kujificha.

#4 KinasaSauti_TG

@hoja_tupu swali lako nimelala nalo jana, sijalipuuza.

Nikajibu hivi. Ile karatasi ilisambazwa wakati njia ipo, anatembea, ana wenzake. Akishafungwa njia iliyobaki ni ile inayoweza kupita bila kushikwa, na fumbo linapita. Mamba ulomtaja, shairi lile lipo ndani ya kitabu, kila aliyewahi kuonewa na mkubwa analisoma anamjua mamba wake, nikilighani hapa Tanga kwenye mgogoro wa shamba watu wanacheka wanaangaliana, wanamjua. Karatasi ya 1968 iliihusu Kenya ya 1968. Mamba bado yupo mtoni.

Lakini nakubali kwamba kuna wanaojificha, wapo. Ndo maana nataka kuuliza gharama.

#5 Omukyala_KLA

Habari zenu, Kiswahili changu ni cha Kampala mtanisamehe pahali nitakosea.

Hoja ya #3 ina jibu hapa kwetu. Dk Stella Nyanzi, 2018, aliweka shairi kwa Facebook juu ya rais Museveni, siku ya kuzaliwa ya rais, na hakuweka fumbo hata moja, alitukana kabisa mpaka watu wazima walifunika midomo. Walimshika mwezi wa 11, na Agosti 2019 korti ikampa miezi 18. Angalieni hiyo namba, ni sawa na ile ya kwanza ya Abdilatif, imepita miaka 50 na kipimo bado ni kilekile. Akiwa jela ya Luzira akaandika mashairi mengine, yakatolewa nje kwa siri, yakawa kitabu 2020. Na mwezi wa pili mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta hukumu akatoka. Huyo wa Mombasa rufaa ilimuongezea, huyu rufaa ilimtoa.

Kwahiyo ndugu, dola inaogopa shairi. Ile ya Nyanzi ilikuwa ni shairi kwa beti, iko na mdundo, watu waliikariri kwa taxi. Kama ingekuwa ni maoni ya kawaida nafikiri ingesahaulika baada ya wiki.

Kitu ingine, Nyanzi alienda Ujerumani 2022. Na Abdilatif nilisoma alifundisha Kiswahili chuo cha Leipzig toka 1995 mpaka 2011. Washairi wetu wanazeekea kwa baridi. Ukipata mmoja amerudi ama hakuondoka, muulize kwa nini alibaki. Mimi ndio swali ningeuliza.

#6 BabaZuhura_Mvita

Hapo kati kabla ya Leipzig alikuwa London, idhaa ya Kiswahili ya BBC toka 1979, na 1982 yeye na Ngugi wa Thiong'o na wengineo wakaunda kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiwe. Mtu alofungwa, akatoka, akakaa kuwasemea wafungwa wengine. Kuna washairi wanaandika dhiki yao basi, huyu dhiki yake aliigeuza kazi ya kuwatoa wengine. Nami ndiyo namuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kitabu.

#7 mwana_wa_Amu

Asalam alaykum. Mimi ni wa Amu (Lamu), nimesoma uzi mzima nikaona jina moja halijatajwa nikasema siwezi kulala.

Ustadh Mahmoud Mau. Kazaliwa 1952, imamu wa msikiti, na kazi yake ya mikono ni mwokaji mikate. Yani usiku yuko na unga, alfajiri yuko kwenye mihrabu na katikati hapo anatunga. Yule hana "wasifu wa msanii", ni mtu wa mtaa, ukimtaka unamkuta. Mtu akiwa na jambo, ndoa imevunjika, binti kadanganywa, dawa za kulevya zimeingia, anakwenda kwake anamwambia Ustadh tutungie. Wasiya wa Mabanati aliutunga miaka ya sabini kuwausia mabinti, na haukwenda kwa kitabu, ulikwenda kwa kaseti, mwenye sauti nzuri anaghani, kaseti inanakiliwa, inafika Mombasa, inavuka hadi Arabuni kwa watu wetu walioko kule. Akina mama waliusikia wakiwa jikoni. Kitabu kikubwa cha mashairi yake kimekuja kuchapwa na wazungu 2023, miaka karibu 50 baadae, na sisi tulikuwa nao masikioni muda wote huo.

Na kabla ya hapo wazee wanakumbuka kimondo, yani mashairi ya kujibizana ya uchaguzi wa miaka ya katikati ya sabini hapa kwetu, kampeni ilipigwa kwa mashairi, huyu anatoa kaseti leo, wa upande wa pili anajibu kwa vina vilevile kesho kutwa, mji mzima unasubiri. Kujibizana ndo asili yetu tangu Muyaka, yule malenga wa kale wa Mombasa. Mashairi yalikuwa ndio mkutano wa hadhara.

Ilipokuja bandari mpya (LAPSSET), Ustadh akatunga Bandari ina Mawimbi. Nataka muelewe hali ilivyokuwa. Mikoko imekatwa, mkondo umechimbwa, mvuvi mwenye mashua ndogo hana pa kwenda, na wakati huohuo vijana wanataka kazi za bandari kweli kweli, wala huwezi kuwaambia waikatae. Shairi likabeba yote mawili, kheri na shari, halikumdanganya mtu. Wanasheria na wanaharakati wakaenda kortini, 2018 wakashinda, wavuvi kama 4,600 wakaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa na mahakama ya mazingira. Mi sisemi shairi ndilo lilishinda kesi. Nasema wakati wa mikutano ile, wazee wasiojua Kiingereza cha zile ripoti za mazingira walikuwa na lugha ya kuzungumzia jambo lao.

Dada ukija Amu usimuulize mtu "ulianzaje ushairi". Muulize nani alikuja kukuomba utunge.

#8 KinasaSauti_TG

@mwana_wa_Amu nimesoma mara mbili, nimekopi swali lako la mwisho kwenye daftari. Sikuwahi kufikiria kwamba shairi linaombwa kama mtu anavyokwenda kwa fundi. Hiyo inabadilisha hata maana ya neno mwanaharakati, maana anakuwa ametumwa na watu.

#9 chapa_kazi254

Niaje watu wangu. Mimi ni wa jukwaa, Nairobi, spokenwadi, nimeanza kwa zile usiku za maikrofoni wazi za jarida la Kwani? miaka hiyo mpaka leo bado nasimama. Naandika Kiswahili na Sheng. Na wazee wa vina wamenitusi sana, guni guni guni, yaani shairi halina vina wala mizani, eti nimeiga wamarekani. Nikisoma hapa hii story ya kimondo na kaseti naskia kama nimerudishiwa kitu yangu. Kumbe kusimama ukajibu mwenye nguvu kwa mdomo mbele ya mtaa, hiyo sio ya kuletwa na ndege, ilikuwa hapa.

Alafu kuhusu nani anaogopa nini. Aprili 2025 pale Nakuru, tamasha la drama za shule, wasichana wa Butere walikuja na mchezo unaosema ukweli kuhusu vijana na serikali. Ilibidi mahakama iamuru waruhusiwe. Wakafika, wakakataa kuigiza bila mwandishi wa mchezo wao na vifaa vyao, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka, nje watu wakarushiwa vitoa machozi. Wasichana wa shule jameni. Maandishi yalikuwepo kwa karatasi wiki nyingi na hakuna aliyekimbia. Mwili ukisimama na sauti ikitoka ndo mambo inabadilika, kwa sababu wanaosikia wanaonana. Ukisoma kitabu uko peke yako, hujui jirani pia kimemchoma. Kwa ukumbi ukiskia watu mia wanavuta pumzi pamoja unajua hauko peke yako, na hiyo ndo inaogopwa.

Swali langu kwa mshairi: ni mstari gani uliuruka siku hiyo? Kila mtu wa jukwaa ako na mstari aliandika na akifika hapo akaona sura fulani mbele akaumeza. Mimi ninao. Nitautoa siku moja.

#10 Mwl_Kibatari

Nimefundisha fasihi sekondari miaka mingi hapa Dar, naomba niweke upande mwingine wa shilingi maana uzi unaelekea kusema mshairi wa watu lazima awe anapingana na serikali. Kwetu historia ni tofauti kidogo.

Mathias Mnyampala alikuwa mmoja wa walioasisi UKUTA, chama cha Kiswahili na ushairi Tanzania, na ndiye aliyezipa nguvu ngonjera, yaani shairi la watu wawili au zaidi wanajibizana jukwaani, mmoja hajui mwingine anamwelimisha. Baada ya Azimio la Arusha 1967 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waende wakalifikishe Azimio kwa wananchi, nao wakaenda, mashuleni, vijijini, mikutanoni. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la nne nilisimama mbele ya mgeni rasmi nikaghani ngonjera ya kilimo, bado naikumbuka yote. Je wale hawakuwa wanaharakati? Waliamini. Wengi wao walikuwa wanadai uhuru kwa mashairi magazetini kabla ya hapo, uhuru umepatikana, wakaona sasa wajenge.

Tabu ni pale ulipokuja utamaduni wa mgeni rasmi. Ngonjera ikawa ya kumkaribisha mkubwa, ikapoteza yule mhusika wa pili anayebisha. Nikisahihisha ngonjera za wanafunzi nawaambia, asiyekubali mpeni hoja za kweli, msimfanye mjinga.

Na leo kuna Mrisho Mpoto, katokea kwenye sanaa za maonyesho, anapanda jukwaani peku, ile kazi yake ya Mjomba ilikuwa barua ya mpwa kwa mwenye nchi, watu waliisikiliza kwenye daladala kimya. Baadae amebeba na kampeni za serikali, ile ya vyoo, Nyumba ni Choo. Kuna wanaomlaumu. Mimi simlaumu kwa choo, kipindupindu kinaua watu kweli. Lakini ningekaa naye ningemuuliza kwa upole tu: ukilipwa kubeba neno, unalibebaje hadi liwe lako? Ni swali halali, naamini analo jibu zuri kuliko sisi tunaobashiri humu.

#11 hoja_tupu

Mwalimu umenigusa. Nafuta kauli yangu ya "pa kujificha", nabaki na swali tu. Huyo mhusika wa pili anayebisha ndo nilikuwa namtafuta.

#12 Bi_Mkeka

Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, wanaume watupu, mwanamke ni Dk Nyanzi tu na wale watoto wa Butere. Dada mwenye uzi hebu tuambie kwenye orodha yako kuna wanawake wangapi?

Mie Mzanzibari. Siti binti Saad, kazaliwa Fumba 1880, muuza vyungu, hakujua kusoma wala kuandika, 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri na kundi lake, na watu wa ng'ambo ya mji, waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, wakamsikia mtu anayesema kama wao. Wimbo wa Kijiti ni kisa cha kweli, mwanamke mgeni kauawa, muuaji kakimbilia bara, na waliofungwa ni mashahidi wanawake, kosa lao pombe ilokuwepo. Ule wimbo unamsema hakimu. Mwanamke asiyejua kuandika, wakati wa Muingereza na Sultani, anasimama anaimba kwamba hukumu ile si haki, na watu wanaukariri. Shaaban Robert alipokuja kuandika wasifu wake alikuwa anaandika jambo ambalo mtaa ulikuwa unalijua zamani.

Mnasema mwandishi, mwigizaji, mwanaharakati. Bibi yetu hakuwa na kalamu. Mtamtoa kwenye uzi kwa sababu hiyo? Na wanawake wengi wa namna yake wako kwenye ngoma, misondo, vikundi vya kasida na vya kuweka na kukopa, wanatunga kila wiki wala hawaitwi washairi na mtu yeyote. Waulize hao. Na swali lenyewe liwe: ukienda kuimba, nyumbani unamwachia nani watoto, na mumeo alisema nini?

#13 KinasaSauti_TG

Bi Mkeka, orodha yangu ina watu tisa na wote wanaume. Niliitengeneza kwa kuuliza "washairi wa hapa ni kina nani" na watu wakanitajia wazee wenye madaftari. Nimeona nilipokosea, nilikuwa natafuta daftari. Kuna mama mmoja Pangani huwa anaongoza kikundi cha kina mama, mwaka juzi kwenye mgogoro wa kisima walitunga wimbo wakaenda nao mpaka ofisi ya kata wakasimama wakiuimba nje asubuhi nzima. Nilikuwepo pale kwa ajili ya habari, nikarekodi dakika mbili tu, nikaripoti kisima, wimbo sikuutaja kabisa. Ndo nitaanza naye, nishampigia simu, alhamisi yupo.

Halafu naomba niseme na la kwetu sisi wa redio. Mwaka jana shairi moja la msikilizaji kuhusu viwanja lilikatwa beti tatu kabla ya kwenda hewani, likatoka halina kichwa wala miguu. Lilikatwa juu yangu, sikuwa na uwezo, lakini sauti iliyolisoma ilikuwa yangu na yule bwana alinipigia simu usiku uleule akanambia umenisoma nusu. @chapa_kazi254 wewe una mstari uliomeza, mi nina beti tatu. Bado ninazo kwenye karatasi yake. Mkuu wa kipindi kabadilika, nimeomba tuzisome jumapili hii, nasubiri jibu.

#14 mwana_wa_Amu

Alhamisi ukifika kwa huyo mama usianze na swali lolote. Mwambie akuimbie ule wa kisima wote, na wenziwe wa kuitikia wawepo, asiimbe peke yake. Na washa kinasa toka mlangoni, maana kabla ya kuimba watabishana kwanza mstari gani unatangulia na nani aliutunga, hapo usizime.

#15 KinasaSauti_TG

Nimekuelewa. Nitakwenda na betri mbili.